Sauti Zisizoitikiana

Katika uhakiki wa nyimbo zetu tumezoea kuanza na swali moja: nani anaimba, na nani anamwitikia? Manju hutoa ubeti, kundi likaupokea. Na hata pale ambapo maneno hayana uzito mkubwa, kule kuitikia kwenyewe ni sehemu ya maana. Makala haya yanakusudia kuuliza swali hilo hilo juu ya muziki ulio mbali sana nasi, yaani santuri ya Mwingereza Brian Eno iitwayo Ambient 1: Music for Airports, iliyotolewa mwaka 1978. Ndiyo iliyolipa jina tawi zima la muziki wa mitambo ya umeme: muziki wa mazingira, unaojaza mahali kama moshi wa udi ujazavyo chumba, bila kumlazimisha mtu kuuketia na kuusikiliza.

Wapo watakaouliza kama muziki usiodai kusikilizwa unastahili kuhakikiwa. Sababu ya kuuliza wanayo, nami nitairudia. Kwanza tutazame ulikotoka.

Kwa maelezo yake mwenyewe, Eno aligongwa na gari mwezi Januari 1975. Alipokuwa amelala nyumbani akiuguza majeraha, rafiki yake Judy Nylon alimletea santuri ya muziki wa kinubi wa karne ya 18. Sauti ilikuwa chini mno na spika moja ilikuwa mbovu, naye hakuwa na nguvu za kuinuka kurekebisha. Basi akausikia muziki ukichanganyika na mvua iliyokuwa ikinyesha nje, na akaanza kuwaza juu ya muziki ulio sehemu ya mahali. Mwaka huo huo akatoa Discreet Music. Miaka mitatu baadaye zikaja tungo za uwanja wa ndege, ambazo wazo lake lilimjia akingoja safari katika uwanja wa Cologne, Ujerumani. Jengo lilimpendeza, muziki uliopigwa humo ulimchukiza. Ulikuwa muziki wa kuchangamsha, wa kumsahaulisha msafiri kwamba anakaribia kupanda chombo kinachoweza kuanguka. Eno alitaka kinyume chake: muziki usiokificha kifo, ila unaomwezesha mtu kukaa nacho kwa utulivu.

Tungo ni nne, nazo hazina majina, bali tarakimu za nafasi zake katika santuri. Ya kwanza, 1/1, ni piano iliyopigwa na Robert Wyatt, sauti chache zinazorudi kwa zaidi ya dakika 16. Ni nzuri, na ndiyo ipendwayo na wengi. Lakini moyo wa santuri, kwa maoni yangu, ni 2/1. Humo hamna ala wala maneno. Wanawake wanaimba “aa”, kila sauti ikiwa imenaswa peke yake katika utepe ulioungwa ncha kwa ncha ili ujirudie bila kukoma. Katika studio ya Conny Plank, karibu na Cologne, tepe hizo zilikuwa ndefu hata zikazungushwa kwenye viti. Mwaka 1996 Eno alieleza kwamba sauti moja hurudi kila baada ya sekunde 23 na nusu, nyingine karibu 26, nyingine karibu 30. Mwalimu mwenye saa yenye mshale wa sekunde aweza kulijaribu hili darasani. Kwa kuwa vipimo havilingani, sauti hukutana kwa sadfa, zikafanya mwafaka wa dakika moja, kisha zikaachana. Na mara nyingine hubaki kimya kitupu.

Hapa msomaji atakumbuka ngoma, ambamo midundo isiyolingana huenda pamoja, na uhusiano huo si wa kubuni. Mwaka 1959 A. M. Jones, aliyekuwa mmisionari Rhodesia ya Kaskazini, alichapisha utafiti wake juu ya muziki wa Afrika, ukiwa na uchambuzi mrefu wa ngoma za Waewe. Mmarekani Steve Reich aliusoma mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mwaka 1965 akatunga It's Gonna Rain, ambamo tepe mbili za sauti ya mhubiri huanza pamoja na kuachana polepole, na mwaka 1970 alikwenda Ghana kujifunza ngoma. Eno amekiri kwamba utungo huo wa 1965 ulimwathiri sana.

Hata hivyo tusikimbilie kudai kwamba muziki huu ni wetu. Reich aliigundua mbinu yake kwa bahati ya mitambo isiyokwenda sawa. Na tofauti ni kubwa kuliko mfanano: wapiga ngoma husikilizana. Huyu akichelewesha mkono, yule humngoja au humsukuma. Tepe za Eno hazisikii kitu. Wanawake wale hawaitikiani kamwe, ingawa sikio letu, kwa mazoea yake, hulazimisha jibu pale penye sadfa tu. Ndivyo walivyo watu ukumbini mwa kungojea ndege: wamekaa bega kwa bega, kila mmoja na saa yake ya kuondoka. Fani imebeba maudhui bila neno hata moja kutamkwa.

Kwa hiyo nawajibu wanaouliza. Upo kweli muziki wa aina hii usiostahili muda wetu, na mwingi wake ulikusanywa chini ya jina la Enzi Mpya, ambalo lilipewa fungu lake katika tuzo za Grammy mwaka 1987. Sehemu kubwa huahidi utulivu na kuutoa kwa bei rahisi, bila huzuni wala shaka. Hata Eno hakuepuka hatari hiyo. 2/2, ya sintesaiza pekee, inapendeza na kupita.

Mwaka 1998 kundi la Bang on a Can la New York lilitoa santuri ya tungo hizo nne zikipigwa kwa mikono: selo, klarineti, gitaa na vinginevyo. Kazi iliyofanywa na mitambo isiyosikia ikawa ya watu wanaotazamana. Santuri hizo mbili zikichezwa moja baada ya nyingine, katika ile ya pili utasikia wapigaji wakingojana.