Mirathi Haianzii Kwenye Mafungu

Shukrani zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Aali zake na Sahaba zake wote. Ama baad.

Katika vitabu vinavyosomeshwa kwenye madrasa za madh-hebu ya Imam Shafi kuhusu elimu ya faraidh, mashuhuri mno ni Rahbiyya, utungo wa Imam Muhammad bin Ali ar-Rahbi, ajulikanaye pia kwa jina la Ibn al-Mutaqqina, aliyefariki mwaka 577 Hijria. Mwanafunzi akiuhifadhi utungo huu hapotei katika nusu, robo, thumni, thuluthi na sudusi. Anajua nani anarithi, nani anazuiliwa na nani anamzuia nani. Fadhila hiyo hatuipunguzi hata chembe.

Lakini tuutazame mpangilio wake. Baada ya utangulizi, mtungaji anaanza na sababu za kurithi, kisha vizuizi vya mirathi, kisha warithi wanaume na wanawake, ndipo anaingia kwenye mafungu. Hakuweka mlango wa haki zinazoitangulia mirathi. Masharehe, akiwemo Sheikh Ibrahim al-Bajuri, waliliona pengo hilo wakaliziba katika maelezo yao. Mtungaji hana lawama, kwani alikusudia ufupi ili watu wahifadhi. Lawama ni yetu sisi walimu tunaomaliza matini, tukafunga kitabu, tukamwambia kijana kwamba sasa anajua mirathi. Anachojua ni kugawa. Kusimamia hajakusoma.

Haki tano

Imam Nawawi (aliyefariki 676 Hijria) katika Minhaj alikifungua kitabu cha faraidh kwa mambo haya kabla ya kumtaja mrithi yeyote. Kwa ujumla wa maneno ya wanachuoni wetu, mali aliyoiacha maiti, yaani tarika, ina haki tano kwa utaratibu. Kwanza, haki iliyofungamana na mali yenyewe, kama kitu kilichowekwa rehani. Pili, gharama za kumtayarisha maiti na kumzika. Tatu, madeni yake. Nne, wasia wake katika thuluthi ya kilichobaki. Tano, ndio warithi.

Qur'ani yenyewe, katika aya ya 11 na ya 12 za Suratun-Nisaa, imekariri mara nne kwamba mafungu hutoka baada ya wasia na deni. Jambo lililokaririwa mara nne katika aya mbili haliwi la pembeni.

Tatizo jingine ni kwamba hukumu za usimamizi zimetawanyika. Anayetaka kujua hali ya tarika yenye deni ataikuta katika mlango wa rehani, kwa sababu madh-hebu yetu yanaihesabu tarika hiyo kama iliyowekwa rehani kwa wadai. Anayetaka hukumu za wasii ataende mlango wa wasia. Anayetaka kujua mrithi mmoja akikiri deni na wengine wakakanusha, ni mlango mwingine tena. Basi aliyesoma faraidh peke yake hakupitishwa katika milango hiyo.

Mirathi ya Zubayr

Mfano bora wa usimamizi umo katika Sahihi Bukhari, katika mlango wa khumsi, si katika mlango wa faraidh. Zubayr bin al-Awwam (r.a.) aliuawa mwaka 36 Hijria, akamuusia mwanawe Abdallah alipe madeni yake. Deni lilikuwa 2,200,000. Hakuacha fedha taslimu. Aliacha ardhi, ikiwemo Ghaba, nyumba 11 Madina, mbili Basra, moja Kufa na moja Misri. Asili ya deni ni kwamba watu walimletea amana, naye akakataa kuzipokea kama amana kwa kuchelea zisipotee, akazifanya mkopo ili ziwe juu ya dhima yake.

Abdallah aliorodhesha deni, akaiuza Ghaba, ambayo baba yake aliinunua kwa 170,000, kwa 1,600,000, akalipa. Ndugu zake wakamwambia sasa wagawane. Akakataa mpaka atangaze katika msimu wa Hija miaka minne kwamba yeyote anayemdai Zubayr ajitokeze. Ilipokwisha miaka minne akatoa thuluthi ya wasia, akagawa. Wake wanne wa marehemu walipata 1,200,000 kila mmoja.

Wanachuoni waliifanyia hesabu riwaya hii. Thumni ya wake wanne ni 4,800,000, kwa hiyo fungu la warithi wote ni 38,400,000. Thuluthi ya wasia ni 19,200,000. Ukiongeza deni unapata 59,800,000, na hali riwaya inataja jumla ya 50,200,000. Miongoni mwa majibu aliyoyanukuu Ibn Hajar katika Fat-hul Bari ni lile la ad-Dimyati, kwamba kiwango cha chini ni thamani ya mali siku ya kufa, na ziada ya 9,600,000 ni mapato ya ile miaka minne.

Jibu hili ni fiqhi kamili. Mapato yanayopatikana baada ya mauti, kama kodi ya nyumba na mazao ya shamba, ni ya warithi wote kwa kadiri ya mafungu yao. Si ujira wa aliyeshika funguo. Hatusemi kusubiri miaka minne ni wajibu. Ilikuwa ni tahadhari ya Abdallah. Tunalolisema ni kwamba ucheleweshaji wake ulikuwa kwa ajili ya wadai, aliutangaza hadharani, na faida yake ikarudi kwa wenyewe. Wasimamizi wetu wengi huchelewesha miaka kumi, hawatangazi kitu, na kodi wanaila wao.

Anayeumia ni nani?

Tuchukue mfano. Mtu ameacha mjane, watoto wawili wa kiume na watatu wa kike, na mali ya shilingi 96,000,000. Gharama za maziko ni 2,000,000 na madeni ni 14,000,000, ambayo ndani yake mna mahari ya mjane 4,000,000 aliyokuwa hajalipwa.

Anayerukia mafungu atampa mjane thumni ya yote, 12,000,000, kila mwana wa kiume 24,000,000 na kila binti 12,000,000. Anayefuata utaratibu atatoa 16,000,000 kwanza, zibaki 80,000,000. Mjane atapata thumni 10,000,000, kila mwana wa kiume 20,000,000 na kila binti 10,000,000. Lakini mjane keshachukua 4,000,000 zake kwa jina la deni, hivyo jumla yake ni 14,000,000.

Tazama, ndugu msomaji. Kwa kurukia mafungu kila mtoto amezidishiwa, na aliyepungukiwa ni mjane, pamoja na wadai wengine ambao hawakupata kitu. Na marehemu amebaki na deni kaburini, naye ndiye mwenye kuhitajia zaidi kuliko wote. Hayo bado hatujagusa mali ya mjane mwenyewe, cherehani yake, dhahabu yake na alichochangia katika ujenzi, ambavyo huingizwa katika tarika kwa sababu tu vilikuwa chini ya paa la mume.

Mahakamani

Wapo wanaosema kasoro hizi zimeletwa na sheria za serikali. Tukitaka insafu, hapa sheria haikupingana na fiqhi. Tanzania Bara, kanuni za mwaka 1971 za usimamizi wa mirathi katika Mahakama za Mwanzo zinamtaka msimamizi awasilishe, ndani ya miezi minne tangu kuteuliwa au muda zaidi atakaopewa na mahakama, Fomu Na. V yenye orodha ya kweli ya mali na madeni, kisha Fomu Na. VI ya hesabu. Katika Mahakama Kuu, Sura ya 352 inataka orodha ndani ya miezi sita na hesabu ndani ya mwaka mmoja. Kenya, baada ya marekebisho ya 1990, Sheria ya Urithi imewaacha Waislamu wagawane kwa sharia yao, lakini sehemu yake ya saba, inayohusu usimamizi, inawahusu pale isipopingana na sharia.

Kasoro ni kuifahamu vibaya barua ya usimamizi. Mtu anateuliwa katika kikao cha ukoo, anakwenda kwa hakimu, anatoka na barua yenye muhuri, na kuanzia siku hiyo anajiona mwenye nyumba. Barua ile ni ya amana, haimmilikishi kitu. Wasii katika madh-hebu yetu hana ruhusa ya kujiuzia mwenyewe mali ya yatima. Vipi basi anayeiuza kiwanja cha yatima kwa shemeji yake kwa nusu ya bei? Fomu zile mbili zisipojazwa, na warithi wasiziulizie, jalada hubaki wazi na dhima hubaki wazi.

Tunapendekeza mambo matatu. Kila darasa la Rahbiyya litanguliwe na somo la haki tano, na lifuatiwe na kisa cha Zubayr pamoja na hesabu yake. Sheikh anayeombwa kugawa mirathi asishike kalamu mpaka aonyeshwe orodha ya madeni, na mahari iwe ya kwanza kuulizwa. Na warithi, hususan wanawake, wajue kwamba kumtaka msimamizi hesabu si utovu wa adabu kwa kaka mkubwa wala kwa ami. Ni haki yao mbele ya sharia na mbele ya hakimu, na kumsaidia yeye ajivue dhima kabla hajaulizwa mahali pasipokuwa na rufani.

Mwenyezi Mungu atuwafikishe kutekeleza amana. Wallahu a'lam.