Sadaka ya Kampuni na Ukuta wa Dari: Tafakari juu ya Elimu ya Usalama Barabarani

1. Utangulizi

Kwa miaka mingi makampuni nchini Tanzania yamekuwa na desturi ya kurudisha sehemu ya faida yao kwa jamii. Hutoa madawati, chakula kwa vituo vya watoto yatima, viti vya magurudumu kwa watu wenye ulemavu, na pamoja na hayo elimu ya usalama barabarani kwa wanafunzi wa shule za msingi. Mara nyingi Kanisa huwa mlango wa misaada hiyo, na mchungaji huombwa kuifungua shughuli kwa sala. Makala haya yanakusudia kuipima desturi hiyo kwa Neno la Mungu. Swali letu ni moja: Je, anayemfundisha mtoto kujihadhari na hatari ametimiza wajibu wake, ikiwa yeye mwenyewe anao uwezo wa kuipunguza hatari hiyo?

2. Hali ilivyo Ukonga

Tuchukue mfano wa Ukonga, Dar es Salaam, kando ya Barabara ya Nyerere ambayo zamani iliitwa Barabara ya Pugu. Barabara hiyo hutoka mjini, hupita uwanja wa ndege, kisha huendelea hadi Gongo la Mboto na Pugu. Makazi, masoko, shule na nyumba za ibada ziko pande zote mbili, hata ni vigumu kuishi huko pasipo kuivuka. Malori, daladala, pikipiki na waendao kwa miguu hukutana hapo tangu alfajiri. Mradi wa mabasi yaendayo haraka ni neema kwa msafiri. Lakini kadiri barabara inavyozidi kupanuliwa, ndivyo mwenye kuvuka kwa miguu anavyokaa muda mrefu zaidi mbele ya magari, asipowekewa kivuko cha kumlinda.

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inaweka mwendo wa kilomita 50 kwa saa penye makazi. Shirika la Afya Duniani linashauri kilomita 30 mahali ambapo watoto na magari huchangamana. Taarifa ya shirika hilo ya mwaka 2023 inakadiria kuwa watu milioni 1.19 hufa barabarani kila mwaka duniani, na kwamba ajali hizo ndizo zinazoongoza kwa kuua watu wenye umri wa miaka 5 hadi 29.

3. Ya kusifiwa na ya kukosolewa

Haki inatudai kwanza tusifu. Puma Energy Tanzania, kampuni ya mafuta ambayo nusu ya hisa zake ni za Serikali, imeendesha elimu hii katika shule za msingi pamoja na shirika la Amend na Jeshi la Polisi, ikiwa na mashindano ya uchoraji kwa wanafunzi. Mtoto ajuaye kutazama kulia na kushoto yu heri kuliko asiyejua.

Hata hivyo, desturi hii kwa ujumla wake ina kasoro ambayo hatuna budi kuitaja. Mtoto wa miaka saba hana bado uwezo wa kukadiria mwendo wa gari linalomjia, na kimo chake humficha nyuma ya gari lililoegeshwa. Mzigo wa kuzuia kifo umewekwa juu ya mwenye nguvu ndogo kuliko wote. Wakati huo huo dereva wa daladala hukimbizana na hesabu ya tajiri, na dereva wa lori hukimbizana na ratiba aliyopangiwa na mwajiri. Kampuni inayogawa vitabu vya usalama asubuhi, na jioni kumlipa dereva wake kwa idadi ya safari, inabomoa kwa mkono mmoja ilichojenga kwa mwingine.

Kazi ya Amend yenyewe inatuonyesha njia iliyo bora. Katika mpango wake wa kuboresha maeneo ya shule, uliopata tuzo ya taasisi ya World Resources mwaka 2019, hujengwa njia za waendao kwa miguu, matuta na vivuko, na pengine lango la shule huhamishiwa upande usio na magari mengi. Mafundisho kwa watoto huambatana na ujenzi huo. Uchunguzi uliofanyika Dar es Salaam ulionyesha kwamba majeraha ya watoto yalipungua kwa kadiri ya robo.

4. Ushuhuda wa Maandiko

Torati inamwamuru ajengaye nyumba kuweka ukuta kandokando ya dari, ili damu ya aangukaye isiwe juu ya nyumba yake (Kum. 22:8). Dari la Waisraeli lilikuwa mahali pa kukaa na kutembea. Musa angeweza kuwaagiza wazazi wawafundishe watoto wasikaribie ukingo. Lakini agizo linamwendea mjenzi. Vivyo hivyo, aliyechimba shimo akaliacha wazi hulipa (Kut. 21:33-34), na mwenye ng'ombe ajulikanaye kuwa mkali huhukumiwa asipomfunga (Kut. 21:29).

Luther, akiifafanua amri ya tano katika Katekisimo Kubwa ya mwaka 1529, afundisha kwamba ana hatia ya kuua hata yule awezaye kumkinga jirani na madhara asifanye hivyo. Naye Martin Luther King, akihubiri New York mwaka 1967, alikumbusha kwamba kumhudumia majeruhi wa njia ya Yeriko (Lk. 10:30-37) ni mwanzo tu, njia yenyewe yapasa ibadilishwe.

5. Wajibu wetu

Basi Kanisa likatae misaada? Hasha. Tuipokee kwa shukrani, lakini pamoja na sala ya ufunguzi tumwulize mgeni wetu: madereva wako hulipwaje, nao huendeshaje wapitapo mbele ya shule hii? Halmashauri nayo tuiulize habari za kivuko. Swali hilo si utovu wa adabu. Ni sehemu ya diakonia.

Pili, tuyachunge maneno yetu makaburini. Tusemapo upesi juu ya mtoto aliyegongwa kwamba Bwana ametwaa, huenda tunamtwika Mungu hatia ya mjenzi asiyeweka ukuta, na kumwacha mama aliyefiwa akijilaumu kwamba hakumfundisha mwanawe vya kutosha.

Mwisho, Jumapili ya tatu ya Novemba imetengwa na Umoja wa Mataifa tangu mwaka 2005 kuwakumbuka wahanga wa ajali za barabarani. Jumapili hiyo huangukia mwishoni mwa mwaka wa Kanisa, tunapohubiri juu ya hukumu na uzima wa milele. Itafaa majina ya waliokufa katika barabara za mtaa yasomwe madhabahuni siku hiyo, nao wenye magari na wenye mamlaka waalikwe kuyasikia.