Taka Hutiririka, Chuma Hubaki

Chuma safi hakiyeyuki mpaka joto lifike nyuzi 1,538 za sentigredi. Mafundi wa kale wa Buhaya, magharibi mwa Ziwa Viktoria, hawakuhangaika kukifikisha huko. Walichokiyeyusha ni taka zake, chuma chenyewe kikabaki kigumu humo humo motoni. Ufundi huo unastahili heshima kubwa kuliko unayopewa, na anayeuita wa kienyeji tu hajautazama kwa karibu.

Ndani ya jiwe la chuma, chuma kimeshikana na oksijeni, tena kimechanganyika na mchanga na udongo. Ukilipasha moto peke yake unapata jiwe la moto, basi. Anatakiwa wa kuipokonya oksijeni hiyo, na kazi hiyo hufanywa na mkaa. Ukiungua penye hewa haba, mkaa hutoa kaboni monoksaidi, gesi ile ile inayowaua watu waliolala na jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa. Tanuri huigeuza gesi hiyo kuwa mtumishi: hupenya katika vinyufa vya jiwe, huchukua oksijeni na kutoka nayo ikiwa kaboni dioksaidi. Wakati huo huo mchanga huungana na sehemu ya chuma ambayo bado ina oksijeni, na mchanganyiko huo huyeyuka kwenye nyuzi kama 1,200 hivi, ukachuruzika chini. Hayo ndiyo mavi ya chuma. Fundi hukubali chuma kingine kipotelee humo, maana bila hicho mchanga usingetiririka, na chuma kilichosalia kisingejitenga nao.

Nafasi ya kukosea ni kubwa. Hewa ikizidi, chuma kilichokwisha kupatikana huungua upya. Ikipungua, joto hushuka na mavi huganda njiani. Kaboni nayo ikiingia kwa wingi, chuma huyeyuka mapema, lakini kikipoa huwa kile kinachopasuka kwa pigo la nyundo. Yote haya yaliamuliwa bila kipimajoto, kwa kutazama rangi ya moto na kusikiliza pumzi ya mivukuto.

Maandalizi ya Wahaya yanaonyesha jinsi walivyoujua moto wao. Shimo la tanuri lilikandikwa udongo wa kichuguu, unaovumilia joto kali. Ndani yake walichoma matete ya bwawani hadi shimo likajaa mabua yaliyokuwa makaa. Juu ya shimo walijenga ukuta kwa mavi ya chuma ya zamani na udongo. Mawe ya chuma yalichomwa kwanza kwa kuni, yakakauka na kupasuka vipande vidogo ambavyo gesi huviingia kwa urahisi. Kisha mabomba ya udongo yalisukumwa hadi ndani kabisa ya tanuri, na wavukutaji wakashika mivukuto ya ngozi ya mbuzi huku wakiimba kufuata mapigo. Miiko ilikuwepo pia: fundi alijitenga na mkewe siku za kazi, kwa kuwa tanuri lilihesabiwa kuwa tumbo la mama, na kilichomo kilikuwa kinazaliwa.

Kipande cha mavi ya chuma kutoka kwenye matanuri hayo hueleza mengi kikishikwa mkononi. Ni kizito kupita ukubwa wake, cheusi, na mara nyingine huwa na alama za mabua ya matete, pingili zikionekana wazi. Mavi yalipodondoka yakiwa ya moto yalijipenyeza kati ya mabua na kuganda humo. Mabua hayo yalikuwa na kaboni nyingi, hivyo oksidi ya chuma iliyokuwa ikipotea ndani ya mavi ilikutana nayo, na chuma kingine kikaokolewa hapo chini.

Mwanaakiolojia Peter Schmidt na mtaalamu wa metali Donald Avery waliyaandika hayo mwaka 1978 katika jarida la Science. Walidai pia kwamba hewa ilipata moto ndani ya mabomba kabla ya kufika kwenye mkaa, na hivyo kuzidisha joto. Wataalamu wengine wameipinga hoja hiyo, na ubishi wao una maana, kwa kuwa unalichukulia tanuri la Buhaya kama mtambo unaostahili kuchunguzwa.

Kule Ufipa, kusini-magharibi mwa Tanzania, mafundi walishika njia nyingine. Matanuri yao, malungu, yalisimama hadi kama mita tatu na kuvuta hewa yenyewe bila mivukuto. Kilichopatikana kikasafishwa tena katika tanuri dogo, kintengwe.

Huko Buhaya, chuma cha bei rahisi kutoka Ulaya kiliua kazi hii karne ya 20 ilipokuwa bado changa. Wazee wa Kihaya waliojenga tanuri upya mwaka 1976 kwa ajili ya utafiti walikuwa wameiacha kwa miongo mingi. Majaribio ya mwanzo hayakwenda sawa. Wakabishana, wakakumbushana, wakabadili hili na lile, mpaka bonge la chuma likatoka, bado limeshikana na mavi na vipande vya mkaa. Bonge la namna hiyo halijawa jembe. Mhunzi hulipasha tena na kuligonga, mavi yakiruka kwa kila pigo, hadi chuma kishikamane na kukubali kunyooshwa.