Kina cha Kati katika Muziki wa Matarumbeta

Mtu aliyefundishwa utunzi wa shairi la mizani 16 anajua kwamba kila mshororo una vina viwili, cha kati na cha mwisho. Kina cha mwisho husikiwa na kila mwenye masikio. Cha kati humtaka msikilizaji atulie. Hata hivyo wakaguzi wa tungo hawakisamehe: shairi ambalo vina vyake vya kati vimechanganyika huitwa guni, hata kama vina vya mwisho vimepangwa kama shanga. Kwa kuwa nilikuwa mtunzi wa mashairi kabla sijapuliza kitu chochote, wasomaji wataniwia radhi nikikichukua kipimo hicho na kukitia katika muziki wa matarumbeta. Sioni kipimo kingine kinachoufaa zaidi.

Hivi karibuni nilisimama kando ya barabara jijini Dar es Salaam nikiutazama msafara wa harusi. Vijana wapulizaji walikuwa nyuma ya gari la wazi. Tarumbeta 3 zilipiga wimbo mmoja kwa sauti moja, besi kubwa ikakoroma nyuma yake, na ngoma zikajaza palipobaki. Siwezi kusema kwamba muziki ule haukuchangamsha. Akina mama walicheza mpaka khanga zikawaponyoka. Lakini baina ya tarumbeta na besi palikuwa patupu. Wimbo ulikuwa na kichwa na miguu, kiwiliwili hakikuwapo. Nilipomwuliza kiongozi wao baadaye, alinijibu kwa adabu: "Mzee wangu, hizo za katikati hazisikiki barabarani. Na tena kijana ukimpa hiyo anaona umemshusha cheo." Jibu la kwanza lina ukweli ndani yake. La pili ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Ala ninazozisema ni tenahoni, baritoni, yufoniamu na tromboni. Horni ya Kifaransa nayo ni ya jamii hiyo, ila ni ngumu mno kwa mwanafunzi mchanga, na hapa naiacha. Zote ni mabomba ya shaba iliyochanganywa na zinki, yaliyokunjwa ili mtu aweze kuyapakata. Bomba la yufoniamu likinyooshwa hufikia mita 2.7 hivi, kama maradufu ya tarumbeta, na ndiyo sababu sauti yake hukaa chini ya tarumbeta kwa oktavu nzima. Baritoni na tromboni zina urefu uo huo. Tofauti iko katika umbo la ndani. Bomba la tromboni halibadili upana kwa sehemu kubwa ya safari yake, basi sauti hutoka kavu na yenye makali. La yufoniamu hupanuka kadiri linavyokwenda, na sauti yake ni ya duara, kama ya mtu mzima anayezungumza bila hasira. Baritoni hukaa baina ya hizo mbili. Jamaa kubwa ya ala hizi za vali ilipangwa na Adolphe Sax, Mbelgiji aliyefanya kazi Paris katika miaka ya 1840, yule yule aliyeunda saksafoni. Majina yake, hata hivyo, yamebaki na vurugu: ala ambayo Waingereza huiita tenahoni, Wamarekani huiita altohoni, na Wajerumani wana tenahoni yao iliyo kubwa zaidi. Mwalimu anayeagiza kwa jina tu asishangae akiletewa kitu kingine.

Mimi mwenyewe nilianza baritoni nikiwa nimepita umri wa miaka 50, katika kikundi cha jioni, kwa sababu tarumbeta zote zilikwisha kugawiwa. Nilidhani nimepewa makombo. Wiki ya pili nikatambua kwamba nimependelewa. Kipulizio cha baritoni ni kipana kuliko cha tarumbeta, midomo hupata nafasi ya kutetema bila kubanwa, na sauti ya kwanza huja mapema. Taabu huja baadaye. Ala ina vali 3: ya pili hushusha sauti kwa nusu toni, ya kwanza kwa toni nzima, ya tatu kwa toni moja na nusu. Zikiunganishwa, bomba hupata urefu wa namna 7, kama vile tromboni ilivyo na vituo 7 vya mkono. Lakini vidole peke yake havileti wimbo. Bila kugusa vali hata moja mpulizaji hupata sauti kadhaa, kama katika baragumu la jeshini, na zinazochagua ni midomo na pumzi. Kwa miezi kadhaa nilitaka sauti ya chini nikaangukia ya juu. Dawa niliyopewa ilikuwa kuiimba kwanza sauti ninayoitaka, kisha ndipo nipulize. Tromboni inadai zaidi ya hayo, maana bomba lake la kuvuta halina alama yoyote. Asiye na sikio hatafika kituoni.

Anayetaka kujua kazi ya sauti hizi na auchukue wimbo wetu wa taifa. Lahani yake ilitungwa na Enoch Sontonga wa Afrika Kusini mwaka 1897, na kwaya zetu huuimba kwa sauti 4. Mwalimu aimbishe sauti ya kwanza na ya nne peke yake, kisha awaongeze wa pili na wa tatu. Darasa litasikia mahali ambapo furaha na simanzi huamuliwa, maana mara nyingi ni sauti moja ya katikati inayoamua.

Wapo watakaosema kwamba hayo yote ni mambo ya wageni. Swali la kipi ni chetu liliulizwa sana tangu Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana ilipoundwa mwaka 1962, na lilistahili kuulizwa. Lakini siwa ya Lamu ni ya shaba, nayo ilipulizwa katika mwambao wetu kabla ya bendi yoyote ya kikoloni. Na bendi zilipokuja, wazee wetu hawakuzipokea kwa mikono mitupu: walizigeuza kuwa beni, Marini na Arinoti wakashindana mjini hata ngoma hiyo ikasambaa bara. Terence Ranger aliiandikia kitabu kizima mwaka 1975. Kando ya Ziwa Nyasa, ambako shaba ilikuwa adimu, watu walichukua vibuyu vya ukubwa mbalimbali, wakavitia utando wa buibui, wakaviimbia katika mganda. Watu wa namna hiyo siwezi kuwaita waigaji.

Lawama yangu kwa hiyo haiwaendei vijana wa garini peke yao. Katika machi nyingi tenahoni hupewa kazi moja: besi ikisema "dum", yenyewe ijibu "pa", ukurasa mzima. Nimewaona wapulizaji wakisinzia nayo, na kosa ni la mtunzi. Yufoniamu imetendewa vizuri zaidi, kwani hupewa wimbo wa pili unaopita chini ya ule mkuu na kuujibu. Wanaotupangia nyimbo zetu za harusi wangeweza kuiandikia tenahoni hivyo hivyo. Nyimbo hizo tayari zina kiongozi na waitikiaji, na waitikiaji ndio hasa wanaokosekana.

Mwaka jana kikundi chetu kilipata tenahoni 2 kuukuu. Jioni moja wapiga tarumbeta walichelewa, tukaupiga wimbo wa taifa kwa tenahoni, baritoni na tromboni tu. Mwanafunzi wa kidato cha pili aliyekuwa amesimama mlangoni akauliza ule wimbo mwingine uliokuwa ndani yake unaitwaje. Tukampa tenahoni aishike.