Nembo Isiyosomwa: Simba na Yanga Zitazamwapo kutoka Mwandiga

Mwandiga ni mji mdogo wa njia panda, kaskazini mwa Kigoma, panapoanzia barabara ya Manyovu iendayo mpakani Burundi. Toka Kigoma hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,200 za reli. Kwa wakazi wa mwambao huu, Simba na Yanga zilikuwa sauti za redio kabla ya kuwa picha. Umbali huo ni kipimo kizuri cha nembo: ni kipi kinachofika, na kipi kinachopotea njiani?

Nembo ya Yanga, klabu iliyoasisiwa mwaka 1935, imebeba mzigo mkubwa. Ndani yake mna ramani ya Afrika na mwenge, kama ule uliowashwa kileleni Kilimanjaro mwaka 1961. Ni bara zima na ukombozi wake katika nafasi ya kiganja. Fikra ni tukufu, ila mchoro umesongamana. Ukitazamwa kwa mbali, huyeyuka. Maandishi nayo yanasema "Young Africans", Kiingereza ambacho ulimi wa shabiki umekwisha kukifinyanga upya kuwa Yanga. Jicho linasoma jina moja, kinywa kinatamka jingine.

Simba ilichukua njia tofauti. Klabu hiyo, iliyozaliwa mwaka 1936, iliitwa Sunderland hadi 1971, ndipo jina la mji wa Uingereza likaachwa. Leo neno na picha ni kitu kimoja: asiyejua kusoma humwona mnyama akamtaja. Kwa uchoraji, huo ni ushindi. Hata hivyo, mageuzi yale hayakugusa kila kitu. Nyekundu na nyeupe, ambazo pia ni rangi za Sunderland ya Uingereza, zilibaki, wala hakuna azionaye kuwa za kigeni. Jina lina lugha na lugha ina kwao. Rangi ni ya aliyeivaa.

Yanga walilithibitisha hilo msimu wa 2012/13. Mdhamini wa ligi, Vodacom, alikuwa na nembo nyekundu. Wakaikataa jezini mwao hadi ilipogeuzwa nyeusi. Maandishi ya mgeni yalivumilika. Rangi ya mtani haikuvumilika.

Basi kinachofika Mwandiga ni jina lililofinyangwa na rangi. Ramani, mwenge na herufi hubaki karatasini.

Mwaka 2023 Mashujaa ya Kigoma ilipanda Ligi Kuu, na mwambao ukapata timu yake. Ziwa, mtumbwi, dagaa na mchikichi ni alama zinazomngoja mchoraji. Lakini mchoraji peke yake hatoshi. Nembo ya Mashujaa itakuwa ya watu siku itakapocheza na Simba au Yanga katika Uwanja wa Lake Tanganyika, na mtu wa Mwandiga akaona haya kuvaa nyekundu au kijani.