Kichwa cha Mtu Mweusi katika Ngao ya Coburg

Miji mingi ya zamani katika Ulaya ina ngao zake, yaani picha zinazotiwa katika muhuri na bendera ya mji, ili azionaye atambue ni mji gani. Mmoja una simba, mwingine tai, mwingine ufunguo. Lakini mji wa Coburg, ulioko Bavaria katika nchi ya Ujerumani, una kichwa cha mtu mweusi, mwenye kipuli cha dhahabu sikioni. Twauliza: Mtu huyu ni nani? Tena, picha yake yamstahili?

Huyu ndiye Mtakatifu Mauritius, msimamizi wa mji ule. Masimulizi yake yaliandikwa na Askofu Eucherius wa Lyon katika karne ya 5. Yasema kwamba Mauritius alikuwa mkuu katika jeshi lililotoka Thebe ya Misri, na ya kuwa Kaisari Maximianus alipowaamuru askari hao wawatese Wakristo, walikataa, wakauawa wote mahali palipoitwa Agaunum, katika nchi ya Uswisi ya leo. Huko Coburg kanisa kubwa la mji laitwa kwa jina lake, na ndimo Martin Luther alimohubiri mwaka 1530.

Tukitaka kujua watu wa kale walimwonaje, twende Magdeburg. Katika kanisa kuu la mji huo imo sanamu yake ya mawe, iliyochongwa yapata mwaka 1240. Amevaa vazi la vita la pete za chuma, na uso wake ni uso wa Mwafrika, mtulivu, mwenye heshima. Aitazamaye hana haja ya kuambiwa kwamba huyu ni askari.

Ngao ya Coburg haisemi hivyo. Mchoraji amekiacha kichwa peke yake, pasipo vazi la vita wala alama ya imani. Badala yake ametia kipuli na midomo iliyokuzwa. Mgeni apitaye njiani atadhani ameona picha ya mtumwa au ya mzaha. Hatajua kwamba ameona shahidi.

Hata hivyo tusihukumu upesi. Mwaka 1929 chama cha Nazi kilipata viti vingi kuliko nusu katika baraza la Coburg, mbele ya miji mingine yote ya Ujerumani. Mwaka 1934 wakakiondoa kichwa hiki, kwa kuwa mtu mweusi hakupatana na mafundisho yao ya kubagua rangi, wakatia upanga wenye alama ya swastika mpinini. Waliposhindwa mwaka 1945, Mauritius akarudishwa. Tena mwaka 2020 watu wengine waliomba aondolewe, wakisema picha yawadharau weusi; lakini mji haukumwondoa.

Sisi twaona yapasa kutenga mambo mawili, mtu na mchoro. Kumwondoa mtu ni kuifanya tena kazi ya wale waliomchukia. Lakini kuung'ang'ania mchoro kwa sababu ni wa zamani tu, hiyo nayo si heshima. Wanaolalamika wameona kosa la kweli, ila dawa yake si kufuta. Na achorwe upya kama alivyochongwa Magdeburg, mwenye vazi lake la vita na uso wake wa kiutu. Mji uliomrudishia mahali pake haushindwi kumrudishia na sura yake.