Juu ya Kitabu cha Temple Grandin na Watoto Wetu Wenye Usonji

Leo twataka kupima kitabu kilichotoka Marekani mwaka 1995, kikageuzwa kwa Kifaransa mwaka 1997 kwa jina Penser en images, yaani Kufikiri kwa Picha. Aliyekiandika ni Bibi Temple Grandin, aliyezaliwa Boston mwaka 1947. Hakusema neno mpaka alipokuwa na miaka kama mitatu na nusu. Wapo walioshauri awekwe katika nyumba ya wasio na akili, lakini mama yake alikataa. Akasoma, akawa mwalimu wa chuo kikuu katika Colorado. Yeye ana usonji, ambao madaktari wetu huuita otisme, na wala hauonei haya.

Sisi watu wa Bushi yafaa tumsikilize, maana tangu wazee wetu twapenda ng'ombe. Grandin aliingia mwenyewe katika vijia vya mazizi ili aone kile anachokiona ng'ombe: mnyororo unaoning'inia, kivuli, koti lililotundikwa uani. Akatambua kwamba ndivyo vinavyomtisha mnyama. Akachora vijia vya mviringo na majosho yasiyowatia hofu. Wenye maneno mengi walipita hapo miaka mingi bila kuona kitu. Yeye aliona, kwa sababu akili yake hutembea kwa picha. Hiyo ndiyo sifa ya kwanza ya kitabu hiki: chasimulia usonji kutoka ndani ya nyumba, si kutoka dirishani.

Tena ziko habari zinazotugusa sisi walimu wa dini. Alipojifunza Baba Yetu, maneno matupu hayakumwingia. Pale pasemwapo mapenzi ya Mungu yafanyike, utotoni hakuelewa kitu; alipokuwa mtu mzima alimwona Mungu akirusha umeme wa radi. Pale pa makosa aliona kibao kilichopigiliwa mtini, maana neno la Kiingereza hapo ni lile lile la kukanyaga shamba la mwingine. Baadaye, alipokuwa msichana shuleni, alisikia mahubiri juu ya sura ya 10 ya Yohane, ambapo Bwana wetu ajiita mlango. Akaanza kutafuta mlango wenyewe, wa mbao! Akaupata, mdogo, juu kabisa ya bweni, na hapo moyo wake ukatulia. Mwenye haraka atacheka. Lakini je, ni watoto wangapi tuliowaita wajinga kwa kuwa hawakurudia majibu ya katekisimu upesi, kumbe wao walikuwa bado wautafuta mlango?

Basi, kitabu ni chema, lakini hakikosi upungufu. Kwanza, Grandin alidhani wenye usonji wote hufikiri kama yeye. Katika chapa ya mwaka 2006 alisahihisha jambo hilo. Pili, na hili ni zito zaidi, mara nyingi apima utu kwa kazi. Asema hangetaka kuuacha usonji wake hata kama angeweza, kwa kuwa ndio uliompa ufundi. Vema. Lakini mtoto asiyechora zizi, asiyesema hata neno moja mpaka uzee, yeye ajikubali kwa sababu gani? Hapo kitabu hakimjibu vya kutosha. Mtume Paulo amjibu: viungo vinavyoonekana dhaifu ndivyo vinavyohitajiwa katika mwili. Mungu hakutuumba kwa sababu ya faida yetu sokoni.

Tatu, Grandin asifu sana mafunzo ya adabu. Twakubali, ila tupambanue. Kuoga, kusalimu, kungoja zamu, hayo ni mapendo kwa jirani. Lakini kumlazimisha mtu atazame machoni wakati kutazama kwamwumiza, au kumchapa kwa kuwa apepesa mikono, huko ni kumvika kinyago. Wengi wenye usonji husema kwamba kujifanya kama wengine mchana kutwa huwachosha kupita kazi ya jembe. Na tena kinyago chenyewe hubadilika kwa nchi: Ulaya mtoto asiyetazama machoni hupelekwa kwa daktari, kwetu anayemkodolea mzee macho huitwa hana adabu!

Kwetu lakini kinyago hakivaliwi kwa haya tu, chavaliwa kwa hofu. Mwaka 2021, katika Kabare yetu na Kalehe, wanawake waliuawa baada ya kutajwa kuwa wachawi na wale waitwao bajakazi. Mama mwenye mtoto asiyesema, anayecheka peke yake, afanye nini? Amfungia nyumbani siku ya soko la Mudaka. Wote wajue kwamba sheria ya Kongo ya tarehe 10 Januari 2009 yamtia gerezani mwaka mmoja hadi mitatu yeyote amsingiziaye mtoto uchawi. Na Mkristo ajue zaidi: wanafunzi walipouliza ni nani aliyetenda dhambi, kipofu au wazazi wake, Bwana alikataa swali lenyewe.

Kwa hiyo anayejua Kifaransa akisome kitabu hiki, kisha awasimulie wenzake katika shirika lake. Na mtoto akiziba masikio ngoma zinapolia kanisani, asifukuzwe wala asishikwe mikono. Aachwe akae karibu na mlango. Hapo naye yumo katika Misa.